Mizani na Magwangala: Historia ya Usaili wa Wahandisi wa Programu

Kerende ni kimoja miongoni mwa vijiji vya Nyamongo, wilayani Tarime, vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, ambao ulianza uzalishaji mwaka 2002, mwaka uliofuata ukawa mali ya Placer Dome, kisha mwaka 2006 ukaingia katika milki ya Barrick, na ambamo leo Serikali ya Tanzania ina hisa ya asilimia 16. Katika nchi hiyo ya Wakurya, yenye miamba na migomba, na Mto Mara ukipita karibu kuelekea Ziwa Viktoria, mtu hahitaji kwenda shule ili ajue maana ya mizani, kwa kuwa huiona kila siku katika yale mawe ambayo wachimbaji wa Kanda ya Ziwa huyaita magwangala. Mgodi mkubwa husaga mwamba kwa mitambo yenye gharama kubwa ya mafuta, umeme na dawa, kwa hiyo hauna budi kujiwekea kiwango, na jiwe lolote ambalo dhahabu yake ni pungufu ya kiwango hicho huhesabiwa kuwa taka, likapakiwa katika malori na kumwagwa mlimani. Walakini jiwe lile lile, likifika mbele ya mtu mwenye nyundo, karai la maji na subira, humpa riziki ya watoto wake.

Alhasili, lililoliita jiwe hilo taka ni mizani. Jiwe lenyewe halikubadilika lilipotoka shimoni mpaka lilipotupwa. Aliyekuwa na neno ni yule aliyepanga kiwango, kwa hesabu ya mitambo yake na haja zake. Nimeyatanguliza magwangala kwa sababu jambo ninalokusudia kulisimulia, yaani historia ya usaili wanaopitishwa wahandisi wa programu za kompyuta, ni historia ya mizani kama hiyo: nani aliyeitunga, kwa haja gani, ilipima nini, na ni dhahabu kiasi gani iliyomwagwa pamoja na mawe.

Neno usaili limetokana na kitenzi kusaili, ambacho asili yake ni Kiarabu na maana yake ni kuuliza. Swali na suala ni ndugu zake wa damu. Lakini katika pwani yetu ya kale fundi hakuulizwa. Mwanagenzi aliyetaka kujifunza kuunda majahazi Lamu, au kuchonga milango Unguja, alikaa na bwana fundi miaka, akashika msumeno pale alipoagizwa, akabeba mbao, akachungulia, akakosea na kurekebishwa, na ufundi wake ukadhihirika kidogo kidogo mbele ya macho ya mtu aliyemjua jina na tabia. Siku ya jahazi kushushwa majini, bahari yenyewe ndiyo iliyosaili, na jibu lilikuwa ama kuelea ama kuvuja. Hata zama za karibu, fundi seremala, mwashi au makanika wa Tanzania aliyetaka cheti alipitia majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na pamoja na maswali ya karatasi aliwekwa mbele ya kazi yenyewe, mbao juu ya meza au injini sakafuni, akaambiwa atende.

Ufundi wa kuandika programu ulizaliwa bila ya bwana fundi wala mwanagenzi. Wale wanawake sita walioipangia kazi mashine ya ENIAC kule Marekani, katika miaka ya 1945 na 1946, hawakuwa na wa kuwafundisha, kwa kuwa hapakuwa na aliyeitangulia kazi hiyo. Muongo mmoja baadaye mashine zilikuwa zimeenea, waandishi wa programu wakatakiwa kwa wingi, na wenye makampuni hawakujua wawatambue kwa alama gani, kwani vyuo vilikuwa bado havijaanza kutoa shahada ya fani hiyo. Ndipo mwaka 1955 kampuni ya IBM ilipotoa mtihani wa kupima kipaji cha uandishi wa programu, mtihani wa karatasi na kalamu wenye sehemu tatu: safu za tarakimu za kukamilishwa, maumbo ya kulinganishwa, na mafumbo ya hesabu. Humo hamkuwa na programu hata moja. Mtahiniwa alipimwa kwa kitu kinachodhaniwa kuwa jirani wa kazi, na kwa kuwa mtihani huo ulikuwa rahisi kusahihisha, ulienea kwa kasi, ukaigwa na waajiri wengine wengi.

Mwaka 1966 wanasaikolojia wawili wa Marekani, William Cannon na Dallis Perry, walichapisha utafiti wa waandishi wa programu 1,378, ambao miongoni mwao wanawake walikuwa 186 tu, wakitafuta sifa za mtu anayeipenda kazi hiyo. Walipata kwamba watu hao hufurahia mafumbo ya kila aina, na tena kwamba aghalabu hawapendi kushughulika na watu. Yawezekana kabisa kwamba waliohojiwa walikuwa hivyo. Walakini waajiri walipoichukua sifa hiyo na kuifanya sharti la kumchagua mgeni, mizani ilianza kuizaa ile ile bidhaa iliyopimwa nayo. Mwanahistoria Nathan Ensmenger, aliyeichunguza sana habari hii, ameonyesha jinsi vipimo vya namna hiyo vilivyosaidia kuipa kazi sura ya kiume na ya upweke, hali mwanzo wake ulikuwa mikononi mwa wanawake. Mwenye mizani alitafuta mfano wake, akaupata, kisha akasema kwamba maumbile ndiyo yaliyoamua.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa ajili ya mishahara na hesabu za Serikali. Matatizo yaliyofuata katika hesabu hizo yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa pole pole katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo, wakati ambapo kule ng'ambo mizani ilikuwa ikitengenezwa, ikijaribiwa na kubadilishwa, sisi hatukuwa na cha kupima. Na siku milango ilipofunguliwa, tuliikuta mizani imekwisha kuundwa, imepewa majina, na lugha yake si yetu.

Mabadiliko makubwa yaliyofuata yalitoka Microsoft, kampuni iliyoasisiwa mwaka 1975, ambayo iliupa usaili sura ya fumbo. Mtahiniwa aliyetaka kuandika programu aliulizwa kwa nini vifuniko vya mashimo ya barabarani ni vya duara, au akatakiwa akadirie mji mkubwa una vituo vingapi vya mafuta, na msaili akamtazama anavyofikiri. Habari za usaili wa namna hiyo zilienea hata mwandishi William Poundstone akazitungia kitabu kizima mwaka 2003. Msomaji wa Kiswahili haoni ugeni hapa, kwa maana sisi ni watu wa kitendawili na tega, na washairi wetu wa Mombasa na Lamu walitupiana mafumbo kwa beti zama za kina Muyaka. Lakini kwetu fumbo halikuwa mizani ya riziki. Anayeshindwa kitendawili hutoa mji, mwenzake akala tamu ya mji huo, kisha akaambiwa jibu, na wote wakarudi kesho barazani. Wala hapana aliyewahi kumnyima seremala kazi kwa kuwa hakufumbua kitendawili cha nyumba isiyo na mlango.

Google nayo ilishika njia hiyo kwa shauku kubwa. Mwaka 2004 ilisimamisha bango kando ya barabara kuu ya California, lisilotaja jina la kampuni wala neno la ajira, bali lililotaka msomaji aitafute namba tasa ya kwanza ya tarakimu kumi katika mfululizo wa tarakimu za namba maarufu ya hesabu iitwayo e. Na aliyeipata, nayo ni 7427466391, alifunguliwa mlango wa fumbo jingine, na mwisho wake ni ombi la kumtaka alete wasifu wake. Ni jambo la insafu kukumbuka kwamba kampuni hiyo hiyo, baada ya kulinganisha alama za usaili na kazi halisi za watu iliowaajiri, ilikiri makosa: mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa utumishi wake, alitangaza hadharani kwamba mafumbo ya aina hiyo ni upotevu wa wakati, wala hayabashiri lolote ila humfurahisha msaili kwa kujiona ana akili.

Mafumbo yakapungua, na mahali pake pakashikwa na ubao mweupe. Mtahiniwa hupewa kalamu, akatakiwa aandike programu kwa mkono wake mbele ya msaili, bila ya kompyuta, na aeleze kwa sauti kila linalopita katika fikira zake. Mwaka 2007 Imran Ghory alipendekeza swali dogo la kuwachuja wasiojua hata msingi: andika programu itakayotaja namba kuanzia 1 hadi 100, lakini kila namba inayogawanyika kwa 3 itajwe kwa neno moja, inayogawanyika kwa 5 itajwe kwa neno jingine, na inayogawanyika kwa zote mbili itajwe kwa maneno yote mawili. Wengi walishangaa kusikia kwamba waombaji kadhaa wenye shahada walilishindwa. Mwaka 2008 Gayle Laakmann McDowell alitoa kitabu cha kuwaandaa watahiniwa, na baada yake yakaja majukwaa kama HackerRank na LeetCode, ambako kijana hufanya mazoezi kwa mamia, na kampuni huweza kumpima mtu aliye bara jingine bila ya kumwona uso.

Yafaa tueleze kinachoulizwa humo, kwa kuwa si uchawi wala si porojo. Chukua daftari lenye majina 1,000,000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Anayetafuta jina moja kwa kusoma kutoka ukurasa wa kwanza anaweza kulazimika kuyapitia majina yote milioni. Lakini anayefungua katikati, akatazama kama jina lake liko mbele au nyuma, akaitupa nusu isiyo na haja, akafungua tena katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo, atalipata kwa hatua zisizozidi 20. Tafauti kati ya milioni na ishirini ndiyo roho ya fani hii, na mhandisi asiyeijua atajenga mfumo utakaofanya kazi vyema kwa watumiaji kumi na kuzimika kwa watumiaji elfu kumi. Kwa hiyo hatusemi kwamba swali halina maana. Tunasema kwamba kulijua jambo hili ni shani moja, na kuliandika ubaoni kwa dakika arubaini, mtu mgeni akikukodolea macho, ni shani nyingine kabisa.

Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, pamoja na mwenzao wa Microsoft, waliwachukua watahiniwa 48 na kuwagawa mafungu mawili: wa kwanza wakafumbua tatizo ubaoni mbele ya msaili huku wakieleza kwa sauti, na wa pili wakapewa tatizo lile lile na ubao ule ule, lakini wakaachwa peke yao chumbani. Ufanisi wa waliotazamwa ulishuka kwa zaidi ya nusu. Fauka ya hayo, miongoni mwa wanawake, waliotazamwa hawakufaulu hata mmoja, na walioachwa peke yao walifaulu wote. Idadi yao ilikuwa ndogo, na mwenye busara hatajenga nyumba nzima juu ya tofali moja; lakini tofali hilo ni zito, maana linatuambia kwamba mizani iliyodaiwa kupima akili ilikuwa ikipima uwezo wa kustahimili kutazamwa.

Sasa mizani hiyo ilifikaje kwetu? Ilipita chini ya bahari. Mwezi wa Julai 2009 mkongo wa Seacom ulianza kazi, ukiiunganisha Dar es Salaam na Mombasa na ulimwengu kwa kasi ambayo setilaiti haikuweza kuitoa, na kabla yake, mwaka 2007, M-Pesa ilikuwa imekwisha kuionyesha dunia kwamba Afrika Mashariki ina jambo la kufundisha. Mwaka 2010 kituo cha wabunifu wa teknolojia, iHub, kilifunguliwa Nairobi. Mwaka 2011 Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ikawa na kituo kama hicho, Buni Hub, pale Dar es Salaam. Andela, iliyoanza Lagos mwaka 2014, iliingia Nairobi mwaka 2015 ikiwachuja maelfu ya waombaji ili kuwapata wachache watakaofunzwa huku wakilipwa na kufanya kazi kwa makampuni ya Marekani. Microsoft ilifungua kituo cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, na Google ikatangaza chake katika mji huo huo mwaka 2022.

Habari ya Andela ina fundisho la pekee. Mwaka 2019 kampuni hiyo iliwapunguza mamia ya waandishi wake wachanga, katika Nigeria, Kenya na Uganda, kwa hoja kwamba wateja sasa walitaka wazoefu. Vijana hao walikuwa wale wale waliosifiwa kwa kupenya mchujo mkali usio na mfano katika eneo letu. Akili zao hazikupungua kati ya Jumatatu na Jumanne, wala bidii yao haikukatika. Kilichobadilika ni kiwango, kama vile bei ya dhahabu ikishuka mgodi hupandisha kiwango chake, na jiwe lililokuwa mali jana likawa gwangala leo.

Tumfikirie sasa kijana wa Kerende. Nyumbani aliamkia wazee kwa Kikurya, shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, sekondari akakuta masomo yanafundishwa kwa Kiingereza, na hatimaye, akiwa amejifunza kuandika programu kwa kompyuta mpakato ya kuazima na bando la kupima kwa megabaiti, anaketi mbele ya kioo kusailiwa na mtu aliye mji wa mbali. Anaambiwa afikiri kwa sauti. Malezi yake yamemfunza kwamba mbele ya mkubwa mtu hutulia, hupima neno, na hunena akiwa na hakika. Usaili unamtaka aropoke kila dhana inapozaliwa, kwa lugha yake ya tatu, na kimya chake cha adabu kinaandikwa kuwa kutojua. Kama mtandao utakatika katikati, hilo nalo litaingia katika hesabu, ingawa hakuna aliyekusudia kupima minara ya simu. Akishindwa atasema moyoni kwamba yeye si mtu wa fani hii. Hapo ndipo historia tuliyoisimulia inapokuwa na haki ya kumshika bega na kumwambia: ngoja, uitazame kwanza mizani.

Simshauri kijana huyo auzire mlango. Ada ya mlango ni ya kujifunza kama ada nyingine yoyote, na mwenye kuomba kazi katika nyumba ya watu sharti ajue wanavyobisha hodi. Ajizoeze kueleza kwa sauti akiwa na mwenzake, ajue kwamba kuuliza swali kabla ya kuandika huhesabiwa kwake wala si dhidi yake, aanze na njia ndefu iliyo sahihi kisha aifupishe. Lakini asikubali kuamini kwamba mlango ndio nyumba.

Maneno yangu makubwa nawaelekezea wenye mizani, hasa walio hapa nyumbani. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007, huendesha usaili wa mchujo, na wa mahojiano, na kwa kada zinazohitaji, usaili wa vitendo. Katika jina hilo la tatu mna hazina. Usaili wa vitendo ni mtoto halali wa bwana fundi na mwanagenzi, na ni ndugu wa majaribio ya daraja yaliyomweka seremala mbele ya mbao. Mhandisi wa programu naye anaweza kupewa kompyuta, na programu ya orodha ya wagonjwa wa zahanati inayotoa jumla isiyo sahihi, akaachwa asubuhi nzima aisome, aitafute hitilafu, airekebishe, na alasiri aeleze kwa Kiswahili au Kiingereza, kadiri anavyoweza, alichokifanya na sababu yake. Atatumia vitabu na mtandao, kwa kuwa kazini atavitumia. Na tangu kuja kwa ChatGPT mwishoni mwa mwaka 2022, ambapo mashine yenyewe huweza kuyajibu maswali mengi ya ubaoni kwa sekunde chache, jambo la kupimwa linazidi kuwa hili: kuielewa kazi ya mwingine, kuitilia shaka kwa sababu njema, na kuibeba dhamana ya kuitengeneza.

Najua kwamba usaili wa aina hiyo ni wa gharama, nao huchukua siku nzima mahali ambapo mtihani wa mtandaoni huchukua saa moja. Lakini mgodi nao ulisema hivyo hivyo, na kwa hesabu zake ulisema kweli. Kule Kerende na vijiji vyenzake, mawe yaliyokataliwa na mitambo huishia mbele ya mama aliyeketi chini na nyundo yake. Hulichukua jiwe, huligeuza juani, hulilowesha kwa maji, hulitazama upande huu na upande huu, na kabla ya kulitupa hulipasua kwanza aone lililomo ndani.